Seva ya hifadhidata: diski zipi, RAID ipi, na nakala ya pili ikae Jinja au Mbarara?

Ukiulizia bei ya seva ya hifadhidata Kampala, swali la kwanza utakalorudishiwa ni: terabaiti ngapi? Swali hilo linamfaa mtu anayenunua ghala la mahindi. SACCO yenye miamala 10,000 kwa siku, kila muamala ukila kilobaiti 2 pamoja na faharasa zake, haijazi hata gigabaiti 8 kwa mwaka. Shida haiko kwenye nafasi. Shida ni Jumatatu ya kwanza ya muhula, wazazi wamejipanga foleni kutoa ada ya shule, na keshia amebonyeza "hifadhi" na sasa anakodolea kioo macho.

Ndiyo maana hapa kila kifaa na kila mpangilio tunaupima kwa maswali mawili. COMMIT, amri ya kuthibitisha muamala, inachukua muda gani kurudi? Na stima ikikatika sekunde hiyohiyo, kipi kinabaki na kipi kinapotea? Mifano ni ya programu ya hifadhidata ya PostgreSQL juu ya Linux. Anayetumia MySQL au Db2 atabadilisha majina ya mipangilio, lakini hesabu ni ileile.

Diski: ya kuzunguka, SSD ya dukani, au SSD ya seva

Kwanza ieleweke COMMIT inafanya nini. Hifadhidata haikimbilii kuandika rekodi mahali pake. Inaandika kwanza kwenye logi ya miamala, inaiambia diski "hakikisha hii imekaa" (amri ya fsync), inasubiri jibu, ndipo inamwambia keshia kwamba muamala umepita. Kurasa zenyewe za data zinaandikwa baadaye, polepole, kwenye chekipointi, yaani zamu ya kuzihamishia kurasa hizo diskini. Anachosubiri keshia ni logi tu.

Diski ya kuzunguka ya mizunguko 7,200 kwa dakika inazunguka mara 120 kwa sekunde, yaani mzunguko mmoja ni milisekunde 8.3. Logi inaandikwa mfululizo, mwisho wa logi ni mmoja, na kila fsync inasubiri pale mahali pazunguke parudi chini ya kichwa. Muunganisho mmoja unaofanya COMMIT moja baada ya nyingine hauwezi kuvuka 120 kwa sekunde, hata seva iwe na kumbukumbu kubwa kiasi gani. Miunganisho mingi kwa pamoja inapata nafuu kidogo kwa sababu fsync moja inaweza kubeba COMMIT za watu kadhaa.

SSD ya kawaida, ile ya kuwekwa kwenye laptop, inang'aa kwenye kusoma. Data za kusomwa hapa na pale inazitoa mara mamia kuliko diski ya kuzunguka. Lakini ikipewa fsync inalazimika kumwaga kashe yake ya ndani (kumbukumbu ya muda) kwenye chipu, kazi ambayo mara nyingi inakula milisekunde moja au zaidi. Unashangaa: umenunua SSD, ripoti zinatoka haraka, lakini kuingiza malipo bado kunasuasua. Si ajabu. Ripoti ni kusoma, malipo ni fsync.

SSD ya seva ina kapasita ndogo (vifaa vya kutunza umeme kwa muda mfupi) zilizopangwa kwenye bodi yake. Stima ikikatika, kapasita hizo zinabaki na nguvu ya kutosha kumalizia kuandika kilichokuwa kwenye kashe. Kwa kuwa kashe yake inalindwa, diski inajibu fsync mara tu data inapoingia humo, bila kungoja chipu, na jibu linarudi ndani ya makumi ya mikrosekunde. Kwa hiyo kifaa kilekile kinachookoa data ndicho kinacholeta kasi. Karatasi ya maelezo ya mtengenezaji lazima itaje kinga hiyo waziwazi, kwa kawaida kwa kifupi PLP (power loss protection). Isipotajwa, hesabu kwamba haipo.

Muuzaji atataka pia kukuuzia diski ya uvumilivu mkubwa. Uvumilivu hupimwa kwa DWPD, mara ngapi kwa siku unaweza kuijaza diski nzima kwa muda wote wa dhamana. Diski ya TB 1.92 yenye DWPD 1 inaruhusu kuandika TB 1.92 kila siku, kwa kawaida kwa miaka 5. Hifadhidata inayoandika gigabaiti 50 kwa siku, logi na kurasa pamoja, haifiki hata asilimia 3 ya hapo. Chukua ya DWPD 1, na pesa iliyobaki nunua diski ya akiba ikae kabatini.

SATA au NVMe, yaani kiunganishi cha zamani au kipya cha SSD? Kwa malipo ya kaunta, SATA yenye kapasita inatosha kabisa. Tofauti inaonekana pale kazi nyingi zinapogonga diski kwa wakati mmoja. SATA ina foleni moja ya maombi 32. Kiwango cha NVMe kinaruhusu foleni kwa maelfu, na kila moja inaweza kubeba maombi hadi 65,536. Waliofanya kazi na meinfremu (kompyuta kubwa za mashirika) za IBM wanalijua jambo hili kwa jina jingine: zamani anwani moja ya diski ilishughulikia ombi moja tu kwa wakati na mengine yakangoja kwenye foleni ya mfumo, mpaka ilipokuja PAV, iliyoipa diski moja anwani kadhaa za bandia. Kosa la kuongeza diski wakati kinachobana ni foleni ni la zamani kuliko wengi wetu.

*Usimwamini mtu, pima.* PostgreSQL inakuja na chombo chake:

`pg_test_fsync -f /var/lib/pgsql/jaribio -s 5`

Njia ya faili iwe kwenye diski ileile itakayokaa logi, si /tmp. Angalia mstari wa fdatasync, ambao ndio PostgreSQL inautumia kwenye Linux usipobadilisha kitu. Diski ya mizunguko 7,200 ikikuonyesha 120 kwa sekunde au pungufu, inasema kweli. Diski hiyohiyo ikikuonyesha 3,000 na hakuna kontrola (kadi inayosimamia diski) yenye kashe katikati, inakudanganya: inajibu "imekaa" na data bado iko kwenye kashe isiyo na ulinzi. SSD ikionyesha 400, haina kapasita. Ikionyesha 20,000, ama ina kapasita ama ni mwongo stadi.

Mwongo stadi hukamatwa kwa jaribio la kuchomoa waya. Andika skripti fupi inayoingiza namba 1, 2, 3 na kuendelea, kila moja na COMMIT yake, na kila COMMIT inaporudi skripti ipeleke namba hiyo kwenye laptop nyingine kupitia mtandao. Iache ikimbie dakika mbili tatu. Kisha ng'oa waya wa stima nyuma ya seva, zote mbili kama ina pawa mbili. Usitumie kitufe, wala amri ya kuzima. Iwashe, acha PostgreSQL ijirekebishe, soma namba kubwa kabisa iliyomo. Laptop ikiwa na 48,211 na hifadhidata ikaishia 48,190, umepoteza malipo 21 ambayo wateja walishapewa risiti. Rudia mara tano, kabla seva haijaanza kazi na kabla siku za kuirudisha dukani hazijaisha.

RAID 10, 5 au 6

RAID ni kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja, ili moja ikifa data ibaki. RAID 10 huandika kila kitu kwenye diski pacha. RAID 5 na 6 huongeza pariti, yaani hesabu ya kujengea upya data ya diski iliyokufa. Hapa mabishano hayaishi, kwa hiyo namba kwanza. Chukua diski 8.

| | RAID 10 | RAID 5 | RAID 6 |
|---|---|---|---|
| Nafasi inayobaki, diski za TB 1.92 | TB 7.68 | TB 13.44 | TB 11.52 |
| Kazi za diski kwa uandishi mmoja mdogo | 2 | 4 | 6 |
| Diski zinazoweza kufa | 1 yoyote. Ya pili pia, ikiwa si pacha wa ya kwanza | 1 | 2 zozote |
| Maombi kwa sekunde, diski za kuzunguka za mizunguko 10,000 | 860 | 590 | 450 |

Mstari wa mwisho unatoka hapa: diski moja ya mizunguko 10,000 inatoa maombi kama 140 kwa sekunde, nane zinatoa 1,120. Kazi ikiwa asilimia 70 kusoma na 30 kuandika, RAID 10 ni 1,120 kugawanya kwa 1.3, RAID 5 kwa 1.9, RAID 6 kwa 2.5. Kinachoiumiza RAID 5 ni kwamba ili iandike ukurasa mmoja wa kilobaiti 8, inasoma data ya zamani, inasoma pariti ya zamani, inaandika data mpya, kisha pariti mpya. RAID 6 inabeba pariti mbili.

Kwenye SSD adhabu hiyo bado ipo, ila SSD ina nguvu kiasi kwamba wengi hawataiona. Hoja inayobaki ni nyingine: stima ikikatika katikati, data mpya imeandikwa na pariti bado ya zamani, pariti hiyo sasa ni ya uongo na hakuna anayejua. Siku diski moja itakapokufa, data yake itajengwa upya kutoka kwenye uongo huo. Kontrola yenye kashe inayolindwa inaziba shimo hilo. RAID ya programu bila jarida lake haizibi.

Kwa hifadhidata ya miamala ya ukubwa wa taasisi zetu, msimamo wetu ni RAID 10, au RAID 1 ya diski mbili tu ikiwa data iko chini ya terabaiti moja. RAID 6 iweke kwenye seva ya nakala rudufu, kwenye diski kubwa za kuzunguka, ambako kuandika ni mfululizo na nafasi ndiyo inayotafutwa. RAID 5 juu ya diski kubwa za kuzunguka iache kabisa. Diski ya TB 16 ikijengwa upya kwa megabaiti 200 kwa sekunde inachukua saa 22 kama hakuna mtu mwingine anayeigusa, na mchana wa kazi hakuna saa ambayo haiguswi. Muda wote huo huna kinga yoyote.

Jambo moja watu hulipitia juujuu: diski pacha zilizonunuliwa pamoja huzeeka pamoja. Zinaandikwa data ileile kwa kiasi kilekile. Mwaka 2019 mtengenezaji mmoja mkubwa wa seva alitangaza kwamba baadhi ya SSD zake zingezimika kabisa zikifikisha saa 32,768 za kuwaka, takriban miaka mitatu na miezi tisa, kwa kosa la programu ya ndani. Waliowasha diski zote siku moja, RAID isingewasaidia. Sasisha programu ya ndani ya diski, na ukiweza changanya matoleo mawili ya kiwandani katika kila jozi.

Kontrola: kashe yenye betri

Kontrola ya RAID ina njia mbili za kuandika. Ya kwanza inajibu data ikifika kwenye kashe ya kontrola, ya pili inajibu data ikifika kwenye diski. Ya kwanza ina kasi na ni salama alimradi betri au kapasita ya kashe ni nzima. Betri ikichoka, kontrola nyingi hujihamishia njia ya pili zenyewe, kimyakimya. Seva iliyokuwa ikikimbia jana leo inatambaa, hakuna aliyegusa kitu, na timu nzima inapekua maswali ya SQL wiki mbili. Betri hizi si za kudumu. Weka ukaguzi wa hali yake kwenye mfumo wa tahadhari pamoja na joto na nafasi ya diski.

Kosa baya zaidi ni la fundi anayetaka kurudisha kasi haraka: anaingia kwenye mipangilio ya kontrola na kulazimisha njia ya kwanza hata betri ikiwa imekufa. Kasi inarudi, kila mtu anapongezana, na stima ikikatika hifadhidata haifunguki. Kontrola inaruhusu mpangilio huo. Usiuguse.

Ukinunua NVMe mara nyingi hutakuwa na kontrola, na hilo ni jema. RAID 1 au 10 ya Linux (mdraid) juu ya diski zenye kapasita ina vitu vichache vya kuharibika, na diski unaweza kuzihamishia seva nyingine zikasomeka bila kutafuta kontrola ya aina ileile.

Logi na data: pamoja au mbali?

Kwenye diski za kuzunguka, tenganisha. Logi inaandikwa mfululizo, data inasomwa hapa na pale. Zikikaa pamoja kichwa cha diski kinahangaika kutwa nzima. Ipe logi jozi yake ya RAID 1. Kwenye SSD sababu hiyo imekufa, lakini tenganisha mfumo wa faili, hata kama diski ni zilezile: data ikijaa pomoni logi isikose pa kuandikia, na logi ikivimba isiifunike data. Kwenye meinfremu Db2 huandikiwa logi nakala mbili, kila moja kwenye diski tofauti, hata kama diski zenyewe tayari zina RAID. PostgreSQL haina kitu hicho. Inachokupa badala yake ni seva ya pili, na tutafika huko.

Mfumo wa faili: ext4 au XFS, ukiwa na `noatime`, na usizime vizuizi vya kuandika (write barriers, vinavyolinda mpangilio wa uandishi) hata kama utaona ushauri huo mtandaoni. ZFS ni nzuri lakini rekodi yake ya kawaida ni kilobaiti 128, na ukurasa wa PostgreSQL ni 8. Kubadilisha ukurasa mmoja kunagusa kilobaiti 128. Punguza `recordsize` iwe 8K au 16K kabla ya kuingiza data, maana haibadilishi faili zilizokwisha kuandikwa. Asiyezoea ZFS asianzie kwenye seva ya pesa za watu.

Ndani ya PostgreSQL, `max_wal_size` ya kuanzia ni GB 1, ndogo mno kwa seva yenye kazi. Baada ya kila chekipointi, ukurasa unapoguswa mara ya kwanza unaingizwa mzimamzima kwenye logi, kilobaiti 8 hata kama umebadilisha salio moja. Chekipointi zikifuatana mno, logi inavimba na diski inachoka bure. Weka GB 8 au 16 na `checkpoint_timeout` ya dakika 15. Gharama yake ni kwamba baada ya kuanguka, seva itachukua dakika kadhaa zaidi kujirekebisha. `full_page_writes` iache ilivyo kwenye ext4 na XFS: ukurasa wa kilobaiti 8 juu ya vipande vya 4 unaweza kuandikwa nusu, na kurasa nzima zilizomo kwenye logi ndizo zinazouponya. `random_page_cost`, makadirio ya gharama ya kusoma ukurasa hapa na pale, ni 4 kwa kuzoea diski za kuzunguka. Kwenye SSD ishushe hadi 1.1, la sivyo PostgreSQL itakwepa faharasa ulizozijenga kwa jasho.

Stima

Jenereta inahitaji sekunde kati ya 10 na 30 kushika, na siku nyingine haishiki. UPS ipimwe kwa siku ile isiyoshika: dakika 15 za mzigo kamili, na waya wa mawasiliano uende kwenye seva ili izime yenyewe kwa heshima betri ikibaki robo. Wengi wana UPS, wachache wameunganisha huo waya.

Seva yenye pawa mbili haina faida zote mbili zikichomekwa kwenye ekstensheni moja. Na ukanda wa Ziwa Nyanza una radi nyingi mno: udongo wa ethi upimwe na fundi wa stima, na waya wa mtandao unaotoka nje ya jengo uwe wa faiba, si wa shaba.

Seva ya pili: chumba kilekile, Jinja au Mbarara, papo hapo au kwa kufuata nyuma

Mwanga ndani ya faiba huenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kwenda na kurudi ni milisekunde 1 kwa kila kilomita 100. Kutoka Kampala hadi Jinja ni kama kilomita 80, sakafu yake ni milisekunde 0.8. Mbarara ni kama 270, sakafu ni 2.7. Faiba hupinda na barabara na kupitia vifaa vya njiani, kwa hiyo namba yako halisi itakuwa kubwa zaidi. Ipime kwa ping ya siku nzima, na angalia saa za jioni.

Nakala ya papo hapo maana yake COMMIT hairudi mpaka seva ya pili ikiri kwamba logi imekaa kwenye diski yake. Seva kuu ikiungua, hakuna risiti iliyopotea. Nakala ya kufuata nyuma inarudisha COMMIT mara moja na logi inapelekwa baadaye. Ukipoteza seva kuu umepoteza kilichokuwa njiani, kwa kawaida chini ya sekunde moja, lakini laini ikiwa imelemewa inaweza kuwa dakika.

Keshia hahisi milisekunde 4. Anayezihisi ni kazi ya mwisho wa mwezi. Riba za wanachama 40,000, kila moja na COMMIT yake, kwa milisekunde 4 ni sekunde 160. Zifunge elfu moja kwa kila muamala, zinakuwa COMMIT 40 na kusubiri mtandao kunakwisha. Hatari ya kweli imejificha kwenye akaunti ya jumla, ile rekodi moja ambayo kila malipo yanaisasisha. Kufuli ya rekodi haiachiliwi mpaka seva ya pili ijibu. Kwa milisekunde 4, rekodi hiyo haiwezi kusasishwa zaidi ya mara 250 kwa sekunde, na diski ya kasi yoyote haitasaidia. Programu iandike mistari tu, jumla ihesabiwe pembeni.

Sasa swali ambalo linapaswa kujibiwa na meneja, si na fundi: laini ya Jinja ikikatwa na trekta la barabara, kaunta ziendelee au zisimame? Kwenye meinfremu zinazonakili diski kwa papo hapo sera hii ina jina, na mtu lazima achague: endelea bila nakala, au simama usipoteze hata muamala mmoja. PostgreSQL ikiwa na seva moja tu ya papo hapo imeshakuchagulia: inasimama. COMMIT zinaning'inia bila kikomo, hakuna kosa linaloandikwa kwenye kioo, na kila tawi linapiga simu kwa wakati mmoja. Dawa ni seva mbili za akiba na

`synchronous_standby_names = 'ANY 1 (chumbani, jinja)'`

ambapo yoyote ikijibu inatosha. Ile ya chumbani hujibu kwanza karibu kila mara, kwa hiyo keshia anapata kasi ya chumba kimoja. Ujue basi ulichonunua: jengo likiungua, ya Jinja inaweza kuwa nyuma kidogo.

Kwa taasisi nyingi tunapendekeza hivyo hasa: papo hapo chumbani au jengo la jirani, na ya mbali ifuate nyuma. Ya mbali ikifuata nyuma, Mbarara inaishinda Jinja, kwa sababu umbali haukugharimu kitu tena na janga moja ni vigumu kuzikumba zote mbili. Anayelazimika kuwa na papo hapo nje ya mji achague Jinja. Lakini kuwa jirani na bwawa la Nalubaale hakukupi stima isiyokatika. Gridi ni ileile, na UPS utanunua palepale.

Seva ya akiba huwekewa nafasi yake maalumu (replication slot) kwenye seva kuu ili logi isifutwe kabla haijapokelewa. Laini ikifa siku mbili na unazalisha GB 5 za logi kwa saa, ni GB 240 zinazorundikana kwenye seva kuu, na diski ya logi ikijaa PostgreSQL inazima. Akiba imemuua mkuu. Weka `max_slot_wal_keep_size`, kwa mfano 100GB. Ikivukwa, seva ya akiba inaachwa na utaijenga upya, na kaunta zinaendelea.

Kubadilisha mkuu kwa mashine au kwa mkono? Kwa mashine kunahitaji mashahidi watatu angalau, la sivyo laini ikikatika kila seva itajiona mkuu na utakuwa na vitabu viwili vya fedha visivyopatana. Timu ya watu wawili na ifanye kwa mkono, hatua zikiwa zimechapishwa na kubandikwa ukutani: hakikisha wa zamani amezimwa kabisa, kisha mpandishe wa akiba.

Nakala rudufu

Seva ya akiba si nakala rudufu. DELETE iliyosahau WHERE, yaani amri ya kufuta isiyotaja rekodi zipi, inafika Mbarara kabla hujatoa kidole kwenye kibodi. Snapshoti kwenye diski zilezile inasaidia kwa kosa la dakika tano zilizopita, na inakufa pamoja na diski. Kinachokurudisha saa 8:41 mchana, dakika moja kabla ya DELETE, ni nakala nzima ya wiki pamoja na logi zote zilizofuata. Programu za pgBackRest na Barman zote zinafanya hivyo vizuri.

Ikae wapi? Wingu la nje ni rahisi kuanza nalo, lakini Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inataka nchi data inakokwenda iwe na ulinzi usiopungua wa Uganda, au mwenye data awe amekubali. Kisha fanya hesabu ya kurudi: GB 500 kwenye laini ya megabiti 50 kwa sekunde ni sekunde 80,000, karibu saa 22 kaunta zikiwa zimefungwa. Nakala ya kurejeshea iwe mtaa uleule. Ya mbali ni ya moto na ya wezi, na iwe mahali ambapo nenosiri la seva kuu haliwezi kuifuta, kwa sababu programu za kudai kikombozi hutafuta nakala kwanza.

Pesa zikipungua

Punguza kwa mpangilio huu. Kwanza acha NVMe, chukua SATA yenye kapasita. Kisha punguza diski kutoka nane hadi mbili za RAID 1. Kisha acha papo hapo, seva ya akiba ifuate nyuma, na iwe kompyuta ya zamani ilimradi diski yake ni ya kuaminika. Kapasita za SSD, waya wa UPS na nakala rudufu iliyokwisha jaribiwa kurejeshwa, hizo usizipunguze. Hospitali ya wilaya yenye seva moja, diski mbili na nakala inayorejeshwa kwa majaribio kila mwezi, muda ukiandikwa daftarini, iko salama kuliko benki yenye rafu nzima ya vifaa ambayo haijawahi kuchomoa waya.